Madison Square Garden ihame tu

Ukishuka kwenye treni pale Penn Station, New York, tazama nguzo. Zimesimama katikati ya majukwaa ambayo yenyewe ni membamba, hivi kwamba mwenye sanduku na mwenye mtoto mgongoni hawapishani mpaka mmoja asimame. Nyingi ya nguzo hizo zimeubeba ukumbi wa michezo na maonyesho wa Madison Square Garden, wenye nafasi ya watu karibu elfu 20, uliokaa juu ya vichwa vyetu tangu 1968.

Mimi naishi New Jersey na kazi yangu iko Manhattan, kwa hiyo stesheni hiyo naijua kama ninavyoujua ua wa nyumbani. Jioni tunasimama chini ya dari fupi, mamia yetu, macho yote kwenye ubao, tukingoja namba ya njia ya treni. Namba ikitokea, umati wote unageuka kwa mpigo na kukimbilia ngazi moja. Mama mwenye fimbo hujibanza ukutani kwanza, watu wapite. Kabla ya korona, zaidi ya watu nusu milioni walikuwa wakipita humo kwa siku.

Nasema haya nikiwa mpenzi wa Garden. Januari 2010 nilipanda hadi viti vya juu kabisa, vya bei nafuu, kumtazama mkimbiaji Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya, kwenye Millrose Games, mashindano ya riadha ya ndani ya kila mwaka. Njia ya kukimbilia ilikuwa ya mbao, fupi, imeinuliwa kwenye kona, na maili moja ilitaka mizunguko 11. Vishindo vya miguu kwenye zile mbao vilitufikia kule juu kama ngoma. Lagat alishinda maili ya Wanamaker, mbio kuu ya mashindano hayo, kwa mara ya nane, akaivunja rekodi ya Eamonn Coghlan wa Ireland aliyeshinda mara saba. Uraia wa Marekani alikuwa ameshauchukua tangu 2004, lakini sisi Wakenya tuliokaa pamoja tulimshangilia kama mtoto aliyetoka Kapsabet asubuhi ile ile. Nilirudi nyumbani sina sauti.

Basi kila nikisema ukumbi uhame ili stesheni ipate nafasi, naambiwa: utahamishaje historia? Na mimi huuliza, historia ipi? Maana Garden imekuwa ikihama tangu kuzaliwa.

Ilianza katika Madison Square yenyewe, eneo la Manhattan, na ndiko lilikotoka jina, kwenye kiwanja kilichokuwa stesheni ya reli iliyoachwa. P. T. Barnum, yule wa sarakasi, alifanyia maonyesho yake hapo kuanzia 1874, na jina la Madison Square Garden likaja 1879. Jengo hilo halikuwa na paa. Mwaka 1890 likajengwa la pili papo hapo, kazi ya msanifu Stanford White, na kwa uzuri sidhani kama limepata mwenzake: mnara ulioigwa kutoka Giralda, mnara wa kanisa kuu la Seville, Hispania, na juu yake sanamu ya Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi, akivuta upinde. White mwenyewe aliuawa kwa risasi juu ya paa la jengo hilo mwaka 1906. Biashara ilikuwa ngumu, na mwaka 1925 kampuni ya bima iliyolishikilia kwa deni ikalibomoa ili ijenge makao yake makuu.

La tatu halikuwa Madison Square tena. Tex Rickard, promota wa ngumi, alilijenga kwa siku 249 huko Eighth Avenue, karibu na Mtaa wa 50, na jina akalibeba. Ngumi ndizo zilizoling'arisha. Februari 1939 lilijaa pia wafuasi wa Hitler wapatao elfu 20 chini ya picha kubwa ya George Washington, jambo ambalo wanaousifu ukumbi huu hawalitaji sana. Lilipobomolewa, kiwanja chake kikawa maegesho ya magari kwa miaka mingi.

Ndipo likaja hili la nne, na hapa ndipo ninapoumia. Kampuni ya reli ya Pennsylvania ilikuwa imeishiwa. Ikauza haki ya kujenga juu ya stesheni yake, ile ya 1910 yenye nguzo za mawe na paa la vioo lililomwaga jua hadi chini kwa abiria. Stesheni hiyo ilichorwa na kampuni ya wasanifu ya White yule yule. Ubomoaji ulianza Oktoba 1963, na mawe mengi yakaenda kutupwa kwenye vinamasi vya Secaucus. Treni yangu hupita kwenye vinamasi hivyo kila asubuhi. Hasira ya watu ilileta sheria ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965, na sheria hiyo ndiyo iliyokuja kuiokoa Grand Central, stesheni kuu nyingine ya jiji. Sisi tukabaki na dari fupi.

Sasa pima. Muhammad Ali na Joe Frazier walipokutana tarehe 8 Machi 1971, wote wawili hawajawahi kushindwa, na Frazier akamwangusha Ali raundi ya 15 na kushinda kwa pointi, ukumbi huu ulikuwa na miaka mitatu tu. Jengo jipya kabisa! Ukubwa wa usiku ule ulikuja na mabondia na jina la Garden, kuta hazikuwa na historia yoyote ya kuwapa.

Hata Millrose ilihama. Baada ya 2011 iliondoka Garden ikaenda Armory, ukumbi wa riadha wa Mtaa wa 168, ambako njia ya kukimbilia ni ya mita 200. Nilisikitika sana wakati ule. Februari 2025, huko huko, mkimbiaji Yared Nuguse akakimbia maili kwa dakika 3:46.63, iliyokuwa rekodi ya dunia ya mbio za ndani wakati huo.

Najua kuhama kuna gharama. Ukarabati uliokamilika 2013 ulimeza karibu dola bilioni moja, na hakuna mwenye mali atakayeziacha hivi hivi. Lakini ukumbi huu umesamehewa kodi ya majengo tangu 1982, kwa hiyo wananchi nao wamechangia vya kutosha kupata sauti. Kibali chake cha kwanza kutoka jijini, cha kuendesha ukumbi mahali pale, kilikuwa cha miaka 50. Mwaka 2013 jiji likatoa miaka 10, na 2023 likatoa mitano. Moynihan, ukumbi mpya wa abiria uliofunguliwa 2021 ng'ambo ya barabara, una paa la vioo na unapendeza, ila sisi wa New Jersey treni zetu bado tunazingojea upande wa zamani.

Kibali cha sasa kinaisha 2028. Madiwani watakapokaa kukijadili, nawaomba kwanza washuke pale saa kumi na moja jioni, wasimame nasi chini ya ule ubao, mpaka namba itokee.