Albamu isiyo na mtu wa mbele

Ukiuliza mwimbaji wa kundi la roki la The Band ni nani, utapewa majina matatu, na yote matatu ni sahihi. Levon Helm, mpiga ngoma, mtoto wa wakulima wa pamba wa Arkansas, anaimba kwa lafudhi ya kwao bila kuilainisha hata kidogo. Rick Danko wa gita la besi ana sauti inayotetemeka, yenye wasiwasi ndani yake hata anapofurahi. Richard Manuel wa piano anapanda juu mpaka unamwonea huruma. Katika albamu yao ya pili, iliyotoka Septemba 1969 ikiwa na jina la kundi lenyewe, watatu hawa wanapokezana na kudakiana; mmoja anaingia kabla mwenzake hajamaliza mstari, na hakuna aliyejali sana kama sauti zinalingana sawasawa. Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya albamu hii kutochuja baada ya zaidi ya miaka 50. Unasikia watu watano wanaosikilizana, na masikio ya binadamu hayachoki kusikia jambo hilo.

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliufahamu muziki wa vijijini vya Marekani kupitia redio, kwa Jim Reeves na Kenny Rogers: mwanamume mmoja mwenye sauti safi yuko mbele, vyombo viko nyuma vikimtandikia njia. Ninawapenda wote wawili. Lakini aliyezoea mpangilio huo, akiweka albamu hii kwa mara ya kwanza, atapata shida kidogo kujua amfuate nani.

Chukua "Rag Mama Rag". Helm, ambaye ndiye mpiga ngoma, ameziacha na kushika mandolini. Manuel ametoka kwenye piano amekaa kwenye ngoma, na anazipiga kwa kuchechemea, mtindo ambao mpiga ngoma aliyesomea asingethubutu. Danko ameweka besi chini, anapiga fidla. Garth Hudson, bwana wa kinanda, ndiye sasa yuko kwenye piano, na vidole vyake havitulii tangu mwanzo hadi mwisho. Gita la besi halipo kabisa. Pengo lake limezibwa na tuba, lile tarumbeta kubwa la bendi za gwaride, linalopulizwa na John Simon, mtayarishaji wa albamu. Kila mtu yuko mahali pasipo pake na wimbo unaruka kwa furaha. Uingereza ulifika nafasi ya 16 kwenye chati mwaka 1970, na bado nastaajabu kwamba kitu cha ajabu kiasi hicho kilipigwa redioni katikati ya nyimbo za mapenzi.

Uhuru huo ulitokana na kazi ndefu. Walikuwa wamezunguka kumbi za Kanada na kusini mwa Marekani wakimpigia mwimbaji Ronnie Hawkins, kisha Bob Dylan, mwimbaji aliyejulikana kwa gita kavu lisilo la umeme, akawachukua katika ziara ya 1965 na 1966, ambako mashabiki wake wa zamani waliwazomea karibu kila usiku kwa kosa la kupiga magita ya umeme. Helm alichoka akaondoka kwa muda. Hudson, aliyesomea muziki, ilibidi tangu mwanzo alipwe nyongeza kama mwalimu wa wenzake, ili wazazi wake wakubali mtoto wao kuingia kwenye bendi ya dansi. Mwaka 1967 walijificha kwenye nyumba moja karibu na Woodstock, jimbo la New York, wakawa wanapiga nyimbo za kale kwenye chumba cha chini ya nyumba pamoja na Dylan. Mwaka uliofuata walitoa albamu ya kwanza, na mpiga gita Mwingereza Eric Clapton alipoisikia alitamani kuliacha kundi lake la Cream.

Kwa albamu ya pili walikataa studio. Walipanga nyumba ya mwimbaji Sammy Davis Jr. kwenye vilima vya Hollywood, wakageuza chumba cha kando ya bwawa la kuogelea kuwa mahali pa kurekodia, wakaishi humo humo. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika pale mwanzoni mwa 1969, na kidogo ikamaliziwa New York. Sauti ya chumba hicho inasikika. Ngoma za Helm ni kavu, nzito, bila mwangwi, na zinatoka karibu sana na sikio. Kwenye "Up on Cripple Creek" Hudson anapitisha kinanda cha umeme kwenye pedali ya wapiga gita, na kinatoa mlio wa kile chuma kidogo cha kijijini kinachoshikwa kwa meno na kudonolewa kwa kidole. Chombo kipya kabisa kimeigizwa kuwa chombo cha babu.

Na hapo kuna jambo lingine ninalolipenda zaidi kadiri ninavyozidi kukua. Huo ulikuwa mwaka wa tamasha la Woodstock, vita vya Vietnam vikiendelea, vijana wakiambiwa wasimwamini mtu mzima yeyote. Hawa watano, ambao wengi wao hawakuwa wamefika miaka 30, wakaimba kuhusu wazee. "Rockin' Chair" ni baharia anayekaribia miaka 73 akimbembeleza rafiki yake waache bahari warudi Virginia. Hakuna ngoma, kuna gita, besi, mandolini, akodiani ya Hudson inayohema, na sauti tatu zinazoegemeana. Vijana wale hawamdhihaki mzee wala hawamfanyi mtakatifu. Anaogopa kufia mbali na nyumbani, basi.

"King Harvest" unaofunga albamu ndio kilele chake. Mkulima amepoteza mavuno, ghala limeungua, farasi amepata wazimu, na sasa tumaini lake lote amelikabidhi chama cha wafanyakazi kinachoahidi mambo makubwa. Kwa kawaida nyimbo hunyanyuka kwenye kiitikio. Hapa ni kinyume: kiitikio kinanong'onwa, kinataja mahindi shambani na upepo, halafu beti zinakuja kwa nguvu, Manuel akisihi, Helm na Danko wakikata mdundo vipande vipande. Robbie Robertson, mpiga gita na mtu wa tano wa kundi, anamaliza kwa gita la solo ambalo halijitutumui hata kidogo. Noti chache, zimebanwa, zinauma. Sijasikia wimbo mwingine wa roki unaomweleza mkulima mwenye deni kwa usahihi namna hiyo.

Sasa "The Night They Drove Old Dixie Down". Haiwezekani kuisifu albamu hii kwa uaminifu ukauruka wimbo huu. Msimulizi ni Virgil Caine, maskini wa Kusini, anayekumbuka majira ya baridi ya 1865, mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya Kaskazini na Kusini: reli imeng'olewa na wapanda farasi wa Kaskazini, watu wana njaa, ndugu yake ameuawa. Robertson, Mkanada, ndiye aliyeuandika, na Helm ameeleza katika kitabu chake kwamba alimpeleka maktaba akasome historia ya wakati ule. Helm anauimba kwa uchungu ambao hauwezi kuigizwa. Lakini katika huzuni yote hiyo hakuna hata neno moja kuhusu watu karibu milioni 4 waliokuwa watumwa, ambao kwao kushindwa kwa Kusini kulikuwa ukombozi. Waandishi Weusi wa Marekani wamelisema hili, na nadhani wamesema kweli. Kumwelewa maskini aliyepigana upande wa dhuluma ni kazi halali ya msanii. Kuifanya dhuluma yenyewe isionekane ni upungufu, na utamu wa wimbo ndio unaoufanya upungufu huo uwe mzito.

Linauma zaidi kwa sababu ya asili ya muziki wenyewe. Helm alikulia karibu na Helena, Arkansas, akimtazama mpiga harmonika wa bluzi Sonny Boy Williamson akipiga muziki katika matangazo ya redio ya mchana. Mdundo wake ulianzia hapo. Bluzi na nyimbo za makanisa ya Weusi ziko kila mahali kwenye albamu hii, katika namna Manuel anavyomfuata mwimbaji Ray Charles na katika vinanda vya Hudson. Weusi, waliopewa sauti kubwa kwenye ala, hawakupewa mhusika hata mmoja wa kukumbukwa kwenye hadithi. Bado nauheshimu uimbaji wa Helm kwenye wimbo huo, ila siku hizi nausikiliza huku nimekunja uso.

Kuna jeraha lingine, na hili liliwatafuna wao wenyewe. Kati ya nyimbo 12, jina la Robertson lipo kwenye zote kama mtunzi. Manuel amesaidiana naye kwenye tatu, Helm kwenye moja. Danko na Hudson hawana hata moja. Helm alilalamika juu ya hili mpaka alipofariki mwaka 2012, na Robertson alishikilia kwamba yeye ndiye aliyekaa na kuandika. Namwamini Robertson kwamba aliandika. Maneno ni mazuri na ni yake. Hata hivyo niko upande wa Helm, kwa sababu ukiwapa watu wengine maneno yale ya "Rag Mama Rag" na kuwaambia wayapige, hutapata wimbo huu. Fedha za utunzi huhesabu maneno na melodia. Haziihesabu ile sekunde ndogo ambayo Helm anaichelewesha ngoma yake, wala uamuzi wa Danko kuacha besi na kushika fidla, na hivyo ndivyo vinavyotufanya turudi.

Wote watano wameshaondoka. Hudson alikuwa wa mwisho, Januari 2025. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka albamu hii miongoni mwa kazi za sauti zinazohifadhiwa kitaifa, na matoleo ya kumbukumbu yanaendelea kuchapishwa. Ombi langu kwa watakaolitengeneza toleo linalofuata ni dogo: chini ya kila wimbo, kabla ya jina la mtunzi, iandikwe kwa herufi zinazosomeka nani alipiga nini.