Tina au plazma kwenye pakiti za kahawa

Wachapaji wa vifungashio wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, wana mabishano yasiyokwisha: kabla ya kuchapa nembo kwenye poliesta, ile plastiki ya filamu ya pakiti, uifute kwa tina au asetoni (viyeyusho vya rangi), ama uipitishe kwenye plazma? Wanaoikataa plazma wana hoja moja: nguvu zake huisha.

Tina ina haki yake. Inaondoa mafuta ya vidole, haidai mashine, na maduka ya rangi yanayo. Tatizo ni kwamba kazi yake kubwa ni kusafisha tu. Asetoni ikizama kwenye poliesta ambayo haikuvutwa kiwandani, hupenya kati ya molekuli, nazo hujipanga kuwa fuwele, na plastiki angavu ikaingia ukungu mweupe. Isitoshe, mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi kali, na kahawa hunyonya harufu upesi.

Plazma ni hewa iliyopigwa umeme. Hugusa nanomita chache tu za juu, ikakata minyororo ya molekuli na kupachika oksijeni. Dondosha tone la maji: kwenye filamu ghafi linasimama kama shanga, kwenye iliyopita plazma linatandaa. Wino nao hutandaa hivyo hivyo, ukashika. Ukibandika selotepu na kuibandua ghafla, haung'oki.

Sasa huko kuisha. Ni kweli, sehemu zenye oksijeni hugeukia ndani taratibu, na joto huziharakisha. Lakini tuangalie safari ya roli letu la filamu: limetiwa plazma ng'ambo, likapanda meli, likalala bandarini Dar es Salaam, likapanda lori hadi stoo ya bati Moshi. Linafika limechoka, lawama inaangukia plazma! Kisha mchapaji analifuta kwa tina, na tina inaosha vipande vilivyolegea vyenye oksijeni, yaani sehemu ya kile kidogo kilichobaki. Plazma inapofungwa kwenye mashine ileile ya kuchapa, wino huwahi kushika kabla sehemu hizo hazijageuka.

Bei ya mashine ndiyo hoja nzito kweli, pamoja na umeme unaokatika na ozoni inayohitaji bomba la kuitoa nje. Ukizidisha dozi, uso wa filamu huharibika na wino ukabanduka. Kwa asiye na mtaji huo, ningeshauri apime roli kwa tone la maji siku linapofika, kabla hajashika kitambaa cha tina.