Beringi si msumari

Ndani ya mwaka mmoja nimebadilishiwa beringi za gurudumu la mbele la pikipiki yangu, yaani zile pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, zenye gololi katikati, mara tatu, na mara zote fundi ameziingiza kwa nyundo na patasi, akigonga pete ya ndani kana kwamba anapigilia msumari kwenye kenchi. Beringi namba 6301, yenye tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje cha milimita 37, haikutengenezwa kwa mapigo ya namna hiyo. Kwa kuwa huingia katika habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa kubana, nguvu inapaswa kupita kwenye pete ya nje. Ukigonga ya ndani, pigo lote hupitia kwenye gololi, nazo huchimba vishimo vidogo katika njia zinamopita kwenye pete, na baada ya muda gurudumu huanza kunguruma na usukani kuyumba. Kifaa cha kuepusha hasara hiyo fundi anacho: ni boksi la spana, yaani soketi ya duara, linalolingana na pete ya nje, ambalo siku hiyo lilikuwa limekalia gazeti lisipeperushwe na upepo.

Mara ya pili alisahau hata lile bomba la katikati linalotenganisha beringi mbili, kwa hiyo ekseli ilipokazwa, pete za ndani zilivutwa kuelekeana na gurudumu likawa zito. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba litalegea lenyewe barabarani.

Jana nimenunua beringi nyingine mbili. Safari hii boksi nitakwenda nalo mwenyewe.