Buffalo na Fainali Nne: Hesabu Inaanzia Wapi?

Januari 28, 1991, siku moja baada ya Buffalo Bills kufungwa na New York Giants pointi 20 kwa 19 katika Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, maelfu kwa maelfu ya watu walijaa Niagara Square, mbele ya jengo la manispaa ya Buffalo. Hapakuwa na kombe la kupokea. Wachezaji walipotokeza mbele ya umati, mmoja alijibanza nyuma ya wenzake: Scott Norwood, mpigaji wao, ambaye jana yake alipiga mpira wa ushindi wa yadi 47 zikiwa zimebaki sekunde 8, akakosa, ukapita kulia mwa nguzo. Watu wakaanza kuita, "Tunamtaka Scott!" Wakaita mpaka akasogezwa kwenye maikrofoni, na alipojaribu kusema huku machozi yakimlenga, wakazidi kumshangilia.

Naanza na siku hiyo kwa sababu miaka ya 1990 ya timu ile imefupishwa mno. Ukiitaja Bills, unajibiwa kwamba walifika Super Bowl mara nne mfululizo wakapoteza zote nne, na mazungumzo yanaishia hapo. Buffalo imebaki kuwa mfano wa watu wanaoishiwa nguvu mlangoni.

Wanaosema hivyo wana hoja, na si ndogo. Kipigo cha kwanza kilikuwa cha pointi 1, lakini vitatu vilivyofuata huwezi kuvisingizia upepo: Washington 37 kwa 24, Dallas 52 kwa 17, Dallas tena 30 kwa 13. Ukijumlisha fainali zote nne, Bills walipata pointi 73 na kufungwa 139. Katika fainali ya Januari 1993 walipoteza mpira mara 9, rekodi ya Super Bowl. Mwaka uliofuata walikwenda mapumziko wakiongoza 13 kwa 6, kisha kipindi cha pili hawakuambulia hata pointi. Hata mfumo wao wenyewe uliwagharimu. Washambuliaji wakiongozwa na Jim Kelly, mrushaji mpira wao, walicheza haraka haraka, bila kukusanyika kupanga mchezo, na shambulizi likikwama walinzi wao walirudi uwanjani kabla hawajapumua. Giants walilitambua hilo, wakaukalia mpira kwa dakika 40 na sekunde 33 kati ya dakika 60. Shambulizi lao la kwanza la kipindi cha pili peke yake lilikula dakika 9 na sekunde 29. Anayesema kocha wa Bills, Marv Levy, alizidiwa maarifa siku ile ana ushahidi mkononi.

Tatizo langu ni pale wanapoanzia kuhesabu. Wanaanza na Jumapili ya mwisho, kana kwamba timu hupelekwa fainali na basi la abiria.

Mimi huanza na 9 nyingine. Ili kufika fainali hizo nne, Bills walicheza michezo 9 ya mtoano na wakashinda yote 9. Mtoano wa NFL hauna marudiano. Ukiteleza mara moja, msimu wako umekwisha. Tuwape nafasi ya 7 kati ya 10 ya kushinda kila mchezo, ambayo ni kubwa sana kwa ngazi ile. Uwezekano wa kushinda yote 9 ni kama 4 kati ya 100. Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa, na kila mara naona jinsi tulivyolipita jambo hili kama vile lilikuwa la kawaida. Tena hapo bado hujagusa misimu minne ya ligi yenyewe, ushindi 49 na vipigo 15.

Na haikuwa mteremko. Waliwaponda Raiders 51 kwa 3, sawa, lakini Denver waliwapita kwa 10 kwa 7 tu. Januari 3, 1993, Kelly akiwa majeruhi, Houston walikuwa mbele 35 kwa 3 kipindi cha pili kikiwa ndiyo kwanza kimeanza. Frank Reich, mrushaji wa akiba, akairudisha timu mpaka ikashinda 41 kwa 38 katika muda wa nyongeza. Kisha wakafunga safari kwenda kushinda Pittsburgh, na wiki iliyofuata Miami. Anayewaita watu hao waoga wa mechi kubwa anieleze michezo hiyo mitatu ilikuwa midogo kwa nani.

Kuna timu zilizofika fainali tatu mfululizo. Miami walifika, New England ya Tom Brady ikafika, Kansas City ya Patrick Mahomes ikafika. Ya nne hakuna mwingine aliyeigusa. Isitoshe, tangu 1985 hadi 1997 timu za AFC, kundi la Bills kati ya makundi mawili ya NFL, zilipoteza Super Bowl 13 mfululizo, na Denver ya John Elway ilipigwa mara 3 katika vipigo hivyo. Elway alipokuja kutwaa makombe mawili baadaye, vipigo vya nyuma vikasahaulika. Nyota wa Bills, Kelly, Thurman Thomas, Bruce Smith na Andre Reed, hawakuipata nafasi hiyo.

Kuna dakika moja ya kile kipigo cha 52 kwa 17 ambayo kila mara huirudia. Mchezo umeshakwisha kwa kila hali. Reich anapokonywa mpira, Leon Lett wa Dallas anauokota na kutimka nao, na akikaribia mstari wa kufungia ananyoosha mkono pembeni kusherehekea. Don Beebe anatoka mbali nyuma yake, anakimbia uwanja karibu mzima, anaupiga mpira ukachomoka mkononi mwa Lett hatua moja kabla ya mstari. Kama asingekimbia, nani angemlaumu?

Muongo ulifungwa kwa kipigo cha mtoano Januari 2000 mjini Nashville, Tennessee waliporudisha mpira wa kuanzishia mpaka mstarini katika sekunde za mwisho. Baada ya hapo Bills walikaa misimu 17 bila kucheza hata mchezo mmoja wa mtoano. Walipofuzu tena, Desemba 31, 2017, walibebwa na matokeo ya uwanja mwingine: Andy Dalton wa Cincinnati aliwafunga Baltimore dakika ya mwisho. Mashabiki wa Buffalo wakaanza kuchangia taasisi ya Dalton inayosaidia watoto wagonjwa, wengi wakituma dola 17, moja kwa kila mwaka wa kusubiri. Walimshukuru hivyo kwa nafasi ya mchezo mmoja, ambao walifungwa 10 kwa 3.