Hatujaachana, Punguzeni Simu

Kwanza, hatujaachana. Pili, yule jamaa wa darasani aliyetuma kwenye grupu eti "Baba Junior katalikiwa laivu kipindi cha Mikataba" ajue tutaonana. Tatu, mjomba, kama unasoma hapa, rudisha ile nauli uliyochangiwa.

Sasa niwape ilivyokuwa, maana kila anayenipigia simu ana toleo lake.

Mnajua nasomea sheria jioni, mwaka wa kwanza. Nyumba yetu ya mtaa wa Umoja pia mnaijua: meza ya kulia ndiyo maktaba, na kutoka hapo hadi jikoni ni kunyoosha mkono. Kesi nazisoma saa kumi alfajiri, kabla gari la shule la Junior halijapiga honi, na nazisoma kwa sauti kwa sababu nikinyamaza nasinzia. (Mnaoanza Septemba, chukueni hii bure: msikimbilie hukumu nzima, itawamaliza. Anzeni na muhtasari wa juu, kisha andikeni mistari mitano: nani alimfanyia nani nini, mahakama iliulizwa swali gani, ikajibu vipi, kwa sababu gani, na kesi hiyo inatofautiana na ipi. Mstari wa tano ndio kila mtu huruka, na ndio mwalimu huuliza.)

Sikujua kuna mwanafunzi mwingine upande wa pili wa ukuta.

Muhula ulipoanza, mama watoto alitaka tupange zamu kwa mdomo tu, kama watu. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshahudhuria vipindi viwili vya Mikataba, nikadai karatasi. Vifungu, tarehe, sahihi, na mama mkwe awe shahidi. Kifungu cha 4: atakayekosa zamu ya kupika au kuogesha mtoto ataweka shilingi 500 kwenye kopo la Blue Band. Ikabandikwa kwenye friji. Kufikia Jumatano tunayoizungumzia nilikuwa nadaiwa 2,000, na ndani ya kopo mlikuwa na kifungo cha shati.

Jumatano darasa ni la mtandaoni, na Jumatano kupika ni kwangu. Simu imeegemea chupa ya chai, sauti iko nje kwa kuwa zile nyaya za masikioni Junior alishazikata kwa makasi. Mama mkwe amekuja kututembelea, yuko kwenye kochi anachambua managu. Sufuria ya ugali bado iko kabatini. Madam, mwalimu wetu wa Mikataba, akaita jina langu nieleze kesi ya Balfour v Balfour.

Hiyo naijua hata nikiamshwa usingizini. 1919, Uingereza. Bwana anafanya kazi Ceylon (Sri Lanka ya leo), bibi amebaki Uingereza kwa ajili ya afya yake, bwana anaahidi kumtumia pauni 30 kila mwezi. Ndoa ikaharibika, bibi akashtaki. Mahakama ya Rufaa ikamkatalia: mume na mke wanaoishi kwa amani wakiahidiana, sheria inaanza kwa kudhani hawakukusudia kupelekana kortini. Jaji Atkin akasema ahadi kama hizo zikigeuzwa mikataba, mahakama zitabidi ziongezwe mara mia. Nikapachika na ya hapa kwetu, kwamba kifungu cha 2 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, ndicho kinacholeta sheria ya mikataba ya Uingereza Kenya. Nikamalizia kwa sauti ya wakili wa Milimani: "Kwa hivyo Madam, ahadi ya mume jikoni haidaiwi."

Mlango wa chumba cha kulala ukafunguka.

Mama watoto hakusema neno. Alipita, akaibandua karatasi kwenye friji, sumaku ikaanguka na kubiringika hadi chini ya meko. Akainama mbele ya kamera. "Habari za jioni, mwalimu. Naomba kuuliza kuhusu hii."

Ningezima simu wakati huo, leo mngekuwa mnaongea mambo mengine. Lakini Madam alishachangamka. "Karibu mama. Darasa, tumepata mlalamikaji." Watu waliokuwa wamezima kamera tangu muhula uanze wakaziwasha. Mmoja alikuwa ndani ya matatu, akawaonyesha abiria.

Kifungu cha 4 kikasomwa. Nikaambiwa nijitetee, nikasema Balfour. Mama watoto akanitazama vile anavyomtazama muuza nyanya anayeficha mbovu chini. "Na Merritt je?"

Jamani. Merritt v Merritt, 1970. Mstari wangu wa tano wa saa kumi alfajiri!

Madam akapiga makofi. "Na Merritt inatofautianaje na Balfour?"

"Merritt waliandika na kutia sahihi," akasema mama watoto, akiinua karatasi. "Sisi pia."

Jibu zuri, lakini nusu. Na mimi nikaona upenyo. Yule bwana Merritt alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine. Akakutana na mkewe ndani ya gari, akaandika kwamba mkopo wa nyumba ukilipwa wote, nyumba atamwachia mkewe. Alifungwa na maandishi yake kwa sababu watu wakishatengana ile dhana ya amani inaondoka. Nikapaza sauti ili nishinde: "Merritt walikuwa wameshaachana!"

Madam, kwa utaratibu kabisa, akageukia upande wa pili: "Kwa hiyo mama, unaiambia mahakama kwamba mmeachana?"

Managu yakaacha kuchambuliwa.

Nilisikia jani moja likikatika, kisha kimya. Wanafunzi wote kwenye kioo wamekodoa macho. Mama watoto, ambaye ilibidi aseme "hapana" tu, alikuwa anafikiria. Anafikiria! Baadaye aliniambia alikuwa anapima kama 2,000 inafaa. Mama mkwe akaweka sinia chini polepole, akasimama, akafunga leso vizuri.

"Uuuwi!"

Akatoa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe. Mama huamini aliye mbali lazima apigiwe kelele, basi darasa lote likasikia: "Wameachana! Hapana, si umbea, mwalimu wa chuo mwenyewe ndiye ametangaza!" Nikasema, "Mama, ni kesi tu." Akamwambia wa upande ule, "Wamefika mpaka kesi."

Yaliyofuata mnayajua. Wazee wakapiga simu usiku, mjomba akauliza ng'ombe zirudishweje ilhali sijamaliza kuzitoa, tukala chapati za duka. Jones v Padavatton, ya binti aliyeahidiwa na mama yake dola 200 kwa mwezi akasomee uwakili kisha akashindwa kortini, siisomi tena kwa sauti, kwa sababu karo yangu ya kwanza ilitimia kwa ndama wa mama mkwe.

Madam naye kageuza kisa chote kuwa zoezi: "Mpe Mama Junior ushauri wa kisheria." Maneno 1,500, Ijumaa. Darasa zima halinisalimii. Mama Junior anataka kuona alama.

Na ile 2,000 iko kwenye kopo. Nimelipa bila kukiri dhima yoyote.