Kujipangia kazi upya: nafuu ya nani?

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika kuhusu wafanyakazi wanaoibadili kazi yao wenyewe bila kusubiri amri ya bosi. Miongoni mwa mifano yao walikuwa wafanya usafi wa hospitali. Wapo walioona kazi yao ni kupiga deki tu. Wengine, kwa cheo kilekile, walizungumza na wagonjwa, wakawaelekeza wageni njia na kujihesabu kuwa sehemu ya tiba. Mmoja, katika wodi ya waliopoteza fahamu, alikuwa akizihamisha picha za ukutani, akiamini huenda mabadiliko hayo yakawasaidia. Hakuna aliyemtuma.

Mtu wa namna hiyo haendi kazini kwa kuburutwa. Tafiti nyingi zilizofuata zinaelekea hukohuko: wanaojiongezea ujuzi, wanaoomba ushauri kwa wenzao au wanaojitwika changamoto mpya huwa na ari na huridhika zaidi. Ni kweli pia kwamba aliyeridhika ndiye mwepesi wa kujaribu mapya, kwa hiyo chanzo na matokeo havitenganishiki kirahisi.

Ila kujipangia kazi ni pamoja na kupunguza, na hapa naona watetezi wake wanapita haraka mno. Kumkwepa mteja msumbufu, kuiacha ripoti ngumu mpaka mwingine aishike: haya nayo ni kuibadili kazi. Aina hii haileti ari kama zile nyingine. Huenda waliokwisha kuchoka ndio wanaoikimbilia, na siwalaumu. Lakini ile ripoti lazima iandikwe. Mwaka 2015 mtafiti Maria Tims na wenzake walionyesha kwamba mtu akipunguza hivyo, wenzake hulemewa zaidi na migogoro huongezeka.

Kuna na mwajiri. Anayemfariji mgonjwa kwa hiari leo, kesho ataulizwa mbona hakufariji, na mshahara ni uleule. Kwa anayepokea simu za wateja akisoma maneno aliyoandikiwa, huku dakika zake zikihesabiwa, uhuru wenyewe haupo.

Mimi nauunga mkono uhuru huu, kwa sharti kwamba mabadiliko yazungumzwe mbele ya timu nzima: nini kinaongezwa, nini kinaachwa, na nani atakibeba. Na nyongeza ikishakuwa wajibu, iandikwe kwenye mkataba na ilipwe.