Miezi 17 Inayotumalizia Wachezaji wa Kikapu

Jumapili iliyopita mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu Buruburu na karatasi mbili ndani ya bahasha ya khaki. Mkataba wake wa kwanza. Ana miaka 19, urefu wa futi sita na inchi nne, na viatu vyake vya kuchezea vimeshonwa soli mara mbili. Aliiweka bahasha mezani polepole, akakaa, akaanza kujivunja vidole. Akasema, "Shangazi, soma kwanza wewe kabla hatujampelekea baba."

Nikasoma. Miaka mitatu. Posho ya kila mwezi, nauli ya kwenda mazoezini, jezi ni mali ya klabu, mchezaji haruhusiwi kuchezea timu nyingine bila ruhusa ya maandishi. Kuhusu jeraha, hakuna neno. Kuhusu masomo, hakuna neno. Niligeuza karatasi nione kama kuna kitu nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Ukiumia goti, nani analipa picha ya MRI?" nikamuuliza.

"Shangazi, mimi sijaumia."

Hata mimi sikuwa nimeumia. Mwaka 2008 nilikuwa na miaka 22, nikaruka kuwania mpira uliogonga ringi, nikashukia mguu wa mpinzani. Ile sauti niliisikia kabla sijasikia maumivu. Ukano wa goti ulikuwa umekatika. Klabu niliyokuwa nikiichezea, ambayo siitaji, ilinitumia mtu mmoja hospitalini mara moja, na baada ya hapo simu zangu hazikushikwa. Upasuaji ulilipwa kwa harambee aliyoifanya mama kanisani. Nilirudi uwanjani baada ya karibu miaka miwili, na kasi yangu haikurudi nami. Tangu siku hiyo, kijana akiniletea mkataba, naanza kusoma kwenye kile ambacho hakijaandikwa.

Lakini mkataba si kiini cha ninachotaka kusema. Ninachotaka kusema ni kwamba hapa Nairobi hatupotezi wachezaji wa kikapu kwa kukosa vipaji, wala kwa kukosa urefu. Tunawapoteza katikati, wakishatoka shule na kabla hawajapata klabu, wakati ambapo hakuna anayewahesabu kuwa wake.

Chukua kalenda. Kikapu katika shule zetu za sekondari huchezwa muhula wa kwanza, pamoja na hoki, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Kufikia Aprili fainali za kitaifa zimeisha. Kama shule yako haikufuzu kwenda michezo ya Afrika Mashariki ya Agosti, basi Aprili ya kidato cha nne ndiyo mwisho wako, au hata mapema zaidi ukitolewa kwenye kaunti. Kisha unafungiwa na vitabu. Novemba KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Januari matokeo, halafu unangoja KUCCPS ikupangie chuo, na vyuo vingi hupokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Kutoka Aprili mpaka Septemba ya mwaka unaofuata ni miezi 17. KCSE inatarajiwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027 na mfumo mpya utachukua nafasi yake, lakini sijasikia yeyote akizungumzia hili shimo.

Na hiyo ndiyo miezi ambayo mwili wa mchezaji unajengwa! Miaka 17, 18, 19. Ndipo mifupa inapotulia na misuli inapokubali kazi nzito, ndipo mtu anapojifunza kulinda mtu mzima mwenye kilo 95 badala ya kijana wa shule jirani. Wetu wanaitumia wapi? Wengine wako mjengo, wengine wanapanga mitumba Gikomba, wengine wamekaa nyumbani wakingoja barua. Jioni wanacheza mtaani kwenye ringi isiyo na wavu, juu ya lami inayokula magoti, timu ikifungwa inatoka na nyingine inaingia. Mchezo huo una raha yake, nami naupenda, lakini haukufundishi kusoma ulinzi wa timu nzima wala kucheza dakika 30 siku mbili mfululizo. Kocha yeyote wa ligi atakwambia: kijana akirudi baada ya muda huo, mkono bado upo, miguu imekwenda.

Zamani kazi ya kikapu hapa kwetu ilimaanisha kuajiriwa na shirika lenye timu. Ukiingia Ulinzi, wewe ni mwanajeshi. Ukienda KPA Mombasa, wewe ni mfanyakazi wa bandari. Timu za Equity, benki. Siidharau njia hiyo hata kidogo. Mwenzangu niliyecheza naye aliingia benki kwa sababu ya mpira, na leo anasomesha watoto watatu na ana kadi ya hospitali ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Tatizo ni kwamba mashirika huchukua mchezaji aliyekwisha kuiva. Hakuna meneja wa shirika atakayemwajiri mvulana wa miaka 18 ili amlee.

Vyuo vikuu ndivyo vimekuwa vikifanya kazi ya ulezi. USIU, Strathmore, Zetech. Tazama Madina Okot. Alichezea Zetech hapa hapa Kenya, mwaka 2024 akaenda Mississippi State, mwaka 2025 akahamia South Carolina, mojawapo ya timu kubwa kabisa za wanawake katika vyuo vya Marekani. Huyo hakuokotwa barabarani. Alikuwa na timu, kocha na mechi za ligi kabla Marekani haijamwona. Kila nikimtazama akiruka katikati ya wale wasichana, nafikiria wangapi wa kimo chake walioishia kuulizwa tu, "Wewe mbona hukucheza basketi?"

Halafu ikaja Nairobi City Thunder. Novemba 2024 nilikuwa Kasarani walipofuzu kuingia Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, klabu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Mei 2025 wakacheza Kigali. Hawakuvuka kundi lao, na sijali. Kilichonishika siku ile ya Kasarani ni ile halaiki ya watoto wa Eastlands waliokuwa wamekaa juu kabisa, wakiimba majina ya wachezaji ambao kesho yake wangeweza kukutana nao kwenye matatu. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Umoja aliona kwamba kucheza mpira kunaweza kuwa kazi, tena kazi iliyoko Nairobi.

Ila klabu moja ni klabu moja. Mechi ya kikapu ni dakika 40, watu watano uwanjani, kwa hiyo kocha ana dakika 200 za kugawa. Kikosi kina watu 12. Kocha anayetaka kushinda huwapa dakika watu wanane au tisa, na wanaobaki wanavaa jezi na kupiga makofi. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana wasikimbilie jina la klabu. Uliza dakika. Mwaka mmoja kwenye timu ya mkiani unayoichezea dakika 25 kila mechi utakujenga kuliko miaka miwili ya kukaa benchi la bingwa ukipiga picha.

Na Marekani? Kila mzazi anayenipigia simu huanza na Marekani. Siwakatazi. Tylor Okari Ongwae alisoma shule ya Laiser Hill hapa Kenya, akapitia chuo cha miaka miwili kule Texas, South Plains, kisha Louisiana-Monroe, kisha ligi za Ulaya ikiwemo Denmark. Februari 2021 kule Yaoundé akarusha mpira wa mwisho uliowazamisha Angola 74-73, Angola waliokuwa mabingwa wa Afrika mara 11, na Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango. Lakini angalia vizuri njia yenyewe: alianzia chuo kidogo, akapanda, akacheza mbali na macho yetu kwa miaka mingi kabla ya ule mrusho mmoja tunaoukumbuka.

Hapa niseme na wazazi moja kwa moja. Anayewaahidi ufadhili wa masomo na kuomba elfu 80 za "kushikilia nafasi", mwambieni alete fomu ya I-20. Fomu hiyo hutolewa na chuo chenyewe, na ndiyo mwanafunzi huenda nayo kuomba viza. Pia muulize ni chuo cha daraja gani, kwa sababu vyuo vya daraja la tatu katika NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Na jambo ambalo wengi huambiwa wakiwa wamechelewa: vyuo vya daraja la kwanza vimekuwa vikihesabu muda tangu umalize sekondari, na kijana anayekaa miaka akicheza mashindano huku kabla ya kujiunga anaweza kupunguziwa misimu. Hiyo miezi 17 inawauma hata kule.

Majirani wametuonyesha inavyowezekana. Khaman Maluach, mtoto wa Sudan Kusini, alilelewa Kawempe, Kampala. Alianza kikapu akiwa na miaka 13 hivi, akachukuliwa na akademia ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, iliyoko Senegal, na akiwa bado huko akachezeshwa BAL na klabu tofauti, zikiwemo Cobra Sport ya kwao na City Oilers ya Kampala. Akiwa na miaka 17 alicheza Olimpiki ya Paris. Akaenda chuo cha Duke, Marekani, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi katika NBA. Watu husema, "Ah, ni ule urefu." Urefu alizaliwa nao. Lakini ukiangalia miaka yake ya 15 hadi 18, hakuna msimu aliokaa nyumbani akingoja barua.

Ninachodai si akademia ya mabilioni. Katika soka, CAF, shirikisho la Afrika, haitoi leseni ya mashindano yake kwa klabu isiyo na timu ya vijana. Shirikisho letu la kikapu liweke sharti hilo hilo: klabu ya ligi kuu iwe na timu ya chini ya miaka 20, na timu hizo zicheze ligi yao kuanzia Desemba, KCSE ikishaisha, mpaka vyuo vifunguliwe. Viwanja vipo. Shule zina viwanja ambavyo likizo nzima vimefungwa kwa kufuli. Makocha wapo, wengi wetu tungefanya kwa nauli na chai. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kijana huyu, kuanzia leo, ni wetu.

Turudi kwa bahasha. Tulikaa mpaka saa nne usiku, tukaandika maswali matatu nyuma ya ile karatasi nyeupe: bima ya matibabu, ruhusa ya masomo, na kwa nini miaka mitatu. Jumatano akaenda mwenyewe kumwona meneja, mimi nikakataa kumsindikiza. Bima wakakubali na wakaiandika. Miaka mitatu ikawa mmoja, na nafasi ya kuongeza. Masomo hawakuyaandika, wakasema tu wataelewana na kocha. Kuhusu dakika, akaambiwa zitategemea mazoezi, na hilo nalikubali.

Kaka yangu alisaini kama shahidi jana jioni, bila kusema mengi, kisha akauliza chuo kitafunguliwa lini. Septemba. Mazoezi ni saa kumi na mbili jioni na kipindi cha mwisho kinaisha saa kumi na nusu. Leo asubuhi kijana alipanda matatu kutoka chuoni hadi uwanjani akiwa na saa mkononi. Dakika 50 bila msongamano. Kesho atajaribu tena saa kumi na nusu jioni, wakati wenyewe.